Sabuni Iliyobaki

Jumamosi iliyopita, karibu na kioski cha maji pale Mashimoni, pikapu iliyobeba jeneza kwenda Busia ilianza kuvuja maji kabla haijafika barabarani.

Fundi wa magari wa pale mtaani alilala chini, akapapasa rejeta, akainuka. "Ina ufa mdogo. Nipeni sabuni niuzibe, itawafikisha."

Mjane wa marehemu alifungua mkoba wake, akatoa kipande. "Hii ilibaki tulipomwosha."

Fundi alirudi nyuma. "Hiyo hapana, mama."

"Wewe ipake tu. Ni yeye anasafiri."

Fundi alipangusa mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, ndipo akaipokea kwa mikono miwili. Akaziba ufa. Tukajaza maji, halikudondoka hata tone.

Fundi wa mtaani huulizwa tena na tena kama kweli gari litafika. Siku hiyo hakuna aliyeuliza.