Kikombe Nilichokitikisa Tibet

Nikiulizwa niliona nini China, husema niliona askari wa udongo. Ni kweli niliwaona, kule Xi'an. Wamesimama ndani ya shimo kubwa, safu kwa safu, kila mmoja na uso wake, na hakuna anayesema neno. Niliwapenda. Nilishika kizuizi nikawaangalia mpaka shangazi akarudi kunivuta mkono.

"Twende. Au umekutana na ndugu zako?"

Mimi ni mtu wa kimya. Shule niliacha nilipomaliza darasa la sita. Mama alikuwa mgonjwa wa mgongo, na nyumbani kwetu Hamriya, hapa Maskati, hapakuwa na mwingine wa kupika, lakini kusema kweli nilishukuru. Darasani nikiulizwa kitu nilikuwa nasimama, jibu ninalo, na halitoki. Wenzangu walikuwa wakicheka kabla sijafungua mdomo. Hata haya ninayaandika polepole, mistari miwili asubuhi, mingine baada ya kuosha vyombo.

Shangazi yangu ni nesi mstaafu, na tangu astaafu hakai Maskati. Husafiri na kundi la watu wa kwetu, wenye asili ya Unguja, wanaojuana tangu zamani. Safari hii walikwenda China na Tibet, akasema atanichukua. Nilifurahi mpaka siku aliponikalisha kitandani kwake.

"Katika msafara yumo Abla," alisema.

Abla ndivyo wanavyoitwa walimu wa kike hapa Oman. Huyu alisomesha wasichana maisha yake yote, na sasa anakaa Al Khoudh na mumewe. Sote tunamwita hivyo tu, hata wazee wenzake.

"Mwanawe anatafutiwa mke. Nimemtajia weye. Kanambia picha haitaki, mtu humjui mpaka usafiri naye. Basi fanya adabu zako. Usiseme mengi."

"Mimi huwa sisemi mengi, shangazi."

"Hilo halinitii wasiwasi."

Huyo mwanawe nilikuwa nimewahi kumwona mara moja, kwenye harusi. Alikuwa anabeba sinia la wali kwenda kwa wanaume, kijiko kikamwangukia, akageuka haraka kutazama nani kamwona. Nilimwona mimi. Sikumwambia mtu. Lakini kuanzia siku ile ya kitandani nililala nikiomba Abla anipende.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kichina, Muislamu, aliyejifunza Kiarabu chuoni. Kiarabu chake kilikuwa cha khutba ya Ijumaa. Akitaka tupande basi, alituita kama anayetuita vitani, na wazee wakawa wanaitikia "Labbeka!" huku wakicheka. Alitupeleka msikiti wa zamani wa Xi'an. Una mapaa yaliyopinda ncha kama nyumba za Kichina, ua baada ya ua, miti na ndege, hata hujui msikiti wenyewe uko wapi mpaka uufikie. Kwenye ubao mmoja herufi za Kiarabu zimeandikwa kwa burashi, nene na nyembamba, kama zinaogelea. Abla alifuta macho.

"Soma," aliniambia, akionyesha ubao.

Ilikuwa bismillahi. Mtoto wa miaka minne angeisoma. Nilisimama, nikaiangalia, na haikutoka. Abla akaisoma mwenyewe, akaondoka. Shangazi aliniangalia kwa jicho ambalo sikulisahau mpaka Lhasa.

Lhasa, kule Tibet, ni juu sana, hewa haitoshi. Tulitembea kama wagonjwa. Tulipanda ngazi za kasri lao kubwa, jeupe chini, jekundu katikati, na shangazi kila kituo anasimama akisema anatazama mandhari, huku anahema. Mahujaji wa pale, vikongwe, walitupita wakizungusha vigurudumu vyao vya dua mkononi. Nilisema moyoni, hapa nitafanya kitu kimoja sawasawa ambacho Abla atakiona.

Nafasi ilikuja siku ya kwenda kutazama ziwa moja la juu milimani. Njiani tulikaribishwa nyumba ya mkulima. Mwenye nyumba, mama mwenye mashavu mekundu na aproni ya mistari, alitukalisha kwenye mazulia, akamimina chai yao ya siagi na chumvi. Kiongozi alibaki nje akizungumza na dereva. Shangazi alionja, akakunja uso, akakiweka kikombe. Abla naye alikunywa kidogo akaacha. Wengine wote vilevile. Niliona haya kwa ajili yao. Nilisema moyoni, watu wazima hawa, wanaacha neema ya watu mbele ya macho yao.

Mimi nilikunywa yote. Ilikuwa kama supu iliyosahauliwa, lakini niliimaliza. Yule mama akafurahi, akajaza. Nikanywa tena, halafu nikafanya kama tunavyofanya nyumbani. Kwetu kahawa utamiminiwa tu mpaka uitikise finjani, kulia kushoto, kidogo kwa vidole. Hapo mwenye nyumba anajua umetosheka. Nilikitikisa kikombe kwa adabu zote, nikitumai Abla anaona. Yule mama akacheka, akajaza.

Nilidhani sikutikisa vizuri. Nikanywa, nikatikisa kwa nguvu zaidi. Akajaza. Tumbo likawa ngoma. Sikuthubutu kusema neno, wala sikuthubutu kuacha. Kila nikikitikisa, yeye anaona jinsi nilivyoipenda chai yake, na macho yake yanang'aa.

Kiongozi alipoingia alinikuta na kikombe kinachofurika.

"Ewe dada yangu mtukufu," alisema kwa kile Kiarabu chake, "hapa ukimaliza unaomba nyingine. Aliyetosheka hukiacha kimejaa."

Kundi zima likaangua kicheko. Shangazi alicheka mpaka akatafuta dawa yake ya pumu. Abla hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kwenye basi shangazi alinikalisha kiti cha mbele, karibu na Abla, makusudi. Njia inapanda kwa kujizungusha, kona baada ya kona, chini bonde, juu vitambaa vya rangi vinapigwa na upepo. Hatukufika mbali, chai ikaanza kudai. Kusema "simamisheni gari" mbele ya wanaume wale, na Abla pembeni yangu, sikuweza. Nilibana miguu, nikafunga macho.

"Una nini, mwanangu?" Abla aliniuliza.

"Sina kitu."

"Mbona umebadilika rangi?"

Niligeukia dirishani. Akamwita shangazi, na shangazi akaja akishikilia viti, akanishika mkono kusikiliza mapigo.

"Ni hewa hii. Wengi wanazimia huku. Lete oksijeni!"

Wakanifunika pua na mdomo kwa chupa ya hewa iliyokuwa garini. Sikukataa. Shangazi akafungua chupa ya maji.

"Kunywa. Yote. Mwili umekauka huu."

Nikanywa. Mpaka leo nikikumbuka maji yale mwili unaniwaka. Neno moja tu lingetosha. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni pamoja na maji, nikalimeza nayo. Kwenye kona iliyofuata basi likaturusha, na yaliyokuwa yamezuiliwa yakatoka. Niliyasikia yakishuka, ya moto, kwenye kiti. Nilitazama mbele tu, kwenye kioo cha dereva, kama wale askari wa udongo.

Abla alijua, kwa sababu abaya yake ilikuwa imegusana na yangu. Nilimwona akiangalia chini. Kisha akainuka, akapiga kelele kwa sauti ya mwalimu:

"Simamisha! Mimi nnataka kushuka, nimebanwa!"

"Kuna nini huko mbele, tumefika?" mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Hatujafika!" shangazi akamjibu. "Weye kaa na mwenzio utazame ng'ombe wa manyoya!"

Hapakuwa na choo wala mti. Wanawake walishuka wote, wakafanya duara pembeni ya njia, wakatanua abaya zao, na upepo ukazipiga zikawa zinavuma kama matanga. Mimi nikawa katikati. Abla alinivulia abaya yake ya juu, akabaki na koti, akaichukua ya kwangu akaikunja ndani ya mfuko bila ya kukunja pua. Hakunipa pole wala hakunigombeza. Ziwa lile, ambalo watu wanavuka dunia kuja kulitazama, nililiona baina ya abaya mbili, ufito mwembamba wa buluu. Katika picha ya kundi simo.

Tuliporudi Maskati sikutoka nje. Mama aliuliza mambo ya China nikamsimulia askari. Shangazi hakuhitaji kusimuliwa.

"Mwanamke mzima!" alisema. "Ile posa isahau. Nani atamtaka mtu asiyeweza hata kuomba choo?"

Niliifua abaya ya Abla, nikaifukiza udi, nikaitundika. Kila siku nasema leo nitamwomba shangazi aipeleke, na kila siku sisemi. Mwisho Abla alikuja mwenyewe, yeye na dada yake, bila kupiga simu. Nilidhani kafuata nguo yake.

Mama akaniita nilete kahawa. Nilimimina, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani wa kulia, macho chini. Abla aliipokea, akaiweka sakafuni mbele yake. Hakuigusa.

"Kunywa, Abla, inapoa," alisema shangazi.

"Sinywi."

Mama aliacha kupumua. Kwetu mgeni akiiweka kahawa chini, kaja na haja, hainywi mpaka ajibiwe, na haja ya mama mwenye kijana inajulikana. Shangazi ndiye aliyeruka kwanza, huyo huyo wa "isahau".

"Alhamdulillahi! Basi kunywa, tumekubali. Mtoto mwenyewe huyu hapa, unamwona kanyamaza. Kimya cha mwanamwali ndiyo yake."

"Kimya cha wengine," alisema Abla. "Cha huyu mimi nnakijua. Nimekaa nacho garini."

Nilihisi uso unaungua. Nilitamani sakafu inifunike. Mama hakujua habari ya gari, akawa anatazama huyu na huyu.

"Huyu ukimpa chai atakunywa," Abla aliendelea. "Ukimpa maji atakunywa. Ukimpa mwanangu, atamchukua vilevile, halafu atakaa Al Khoudh anabana miguu miaka yote. Sitaki. Nitakunywa akinambia ndiyo, na nitakunywa akinambia siyo. Lakini anambie yeye."

Nilisimama na dele mkononi. Ilikuwa darasani tena, jibu ninalo na halitoki. Nilimfikiria yule kijana na kijiko chake. Nilikuwa namtaka, Mungu anajua, lakini sauti yake sijawahi kuisikia.

"Nataka nimsikie anavyosema," nilisema. Sauti ilitoka ndogo na imekwaruza. "Kwanza. Ndiyo siwezi... bado."

Shangazi alisonya. Mama aliinamisha kichwa. Mgeni na haja yake, na mtoto aliyeishia darasa la sita anamwambia bado. Sijawahi kuona haya kama yale, hata kwenye basi, maana ya basi yalinitoka bila mimi kupenda, na haya niliyasema mwenyewe.

Abla aliichukua finjani, kahawa imeshapoa, akainywa yote. Akaitikisa mbele yangu, kulia kushoto.

"Haya. Nitamleta aje aseme. Na yeye ni bubu kama weye, mtatazamana tu."

Nilikusanya vyombo nikakimbilia jikoni. Nyuma yangu nilimsikia dada yake Abla akiuliza, gari gani hilo? Na shangazi, aliyekuwa kanuna dakika ile ile, akavuta mto akaanza kusimulia, kuanzia kikombe cha kwanza.

"Maskini, mtoto anatikisa, mama wa watu anajaza..."

"Nyamaza wee," Abla alimkatiza. "Maji nani alimpa?"

Wakacheka, na mama naye akacheka. Niliufungua mfereji wa maji mpaka mwisho nisiwasikie, nikaosha finjani moja kwa muda mrefu, na bado niliwasikia.