Nusu Saa Hadi Mansa

Mama alivunjika paja siku ileile aliyovuka ziwa kutoka Kilwa, ile ya upande wa Lubumbashi, akikimbia vita. Aliteleza kwenye mawe ya Nchelenge akishuka mtumbwini, nami nimesimama palepale nikimngoja. Mimi nilikuwa nimeolewa upande huu wa Zambia, nauza samaki, na nilidhani taabu zake zimebaki ng'ambo.

Kliniki walimfunga vibao mguuni, wakasema apelekwe upesi hospitali ya Mansa. Gari la wagonjwa lilikuwa bovu. Lakini asubuhi hiyo ndeke ndogo ilikuwa imetua kwenye uwanja wetu wa nyasi, imeleta wakubwa kutoka Lusaka waje kuwaona wakimbizi. Nikakimbilia huko.

Mkuu wao alikuwa Mzambia mwenye suti, aliyewahi kuishi Lubumbashi, na Kiswahili alikijua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunjua ramani juu ya boneti ya gari lililokuja kuwapokea, akalaza rula kutoka uwanja wetu hadi uwanja wa Mansa.

"Angalia, bamayo. Haiko mbali. Ndeke inafika nusu saa tu. Safari fupi hivi, hatuwezi kusumbua ndeke. Mumutie mu motokari."

"Motokari haipite pa ile rula, mukwai," nikamwambia. "Inazunguka na muto mpaka Mwansabombwe, mu mashimo. Na mama yangu iko na mufupa umevunjika!"

Akakunja ramani yake kama mtu aliyekwisha kujibu.

Rubani, muzungu mmoja kijana, akauliza ninalia nini. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha sokoni. Akamgeukia mkuu: Mansa iko njiani, anaweza kutua. Mkuu akasema anangojewa Lusaka, na neno likaishia hapo.

Halafu nikaona vikapu vyake vya samaki wakavu vikipandishwa. Vilipewa kiti cha nyuma, kiti kizima, na mtu akavifunga mkanda visianguke. Mkanda! Nikaenda kusimama mlangoni mwa ndeke, nikamwuliza mkuu kwa sauti ambayo uwanja wote uliisikia, kama samaki wana mama. Askari akanishika mkono akanitoa. Ndeke ikapaa, ikageukia kusini, upande wa Mansa.

Mume wangu alipata lori la samaki. Tulimlaza mama juu ya magunia matupu, na kwenye kila shimo alikuwa anauma kitenge chake asipige kelele mbele ya mkwe. Kabla ya Mwansabombwe gurudumu likapasuka, la akiba hakuna. Tulifika Mansa kesho yake.

Daktari aligusa vidole vya mguu, akatazama chini.

"Mbona mumechelewa? Damu haifiki huku tena. Jana tungejaribu kitu."

Wakamkata mguu juu ya goti. Nilimshika kichwa alipozinduka, na mimi ndiye niliyemwambia, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka.

Mama alipona. Alijifunza kutembea na magongo, akauza mihogo mbele ya nyumba yangu, akaimba kanisani. Jumapili moja nikamsikia akimwombea yule mkuu.

"Hakujua, mwanangu," akaniambia. "Mutu wa kupita juu haone njia."

"Nilimwambia, mama. Nilimwambia na mudomo wangu."

Akaendelea kuomba. Mimi nikatoka nje. Mpaka leo sijasema amina kwa sala ile, na sitasema.