Mtu Juu ya Mkongo

Kazi yangu pale kituoni Mapinga ni kurekebisha nuru. Watu hucheka nikisema hivyo, nami huwaacha wacheke. Mkongo wa mawasiliano unaotoka kaskazini hubeba nuru ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Ikisafiri mbali hufifia, basi huongezewa nguvu njiani. Ukiizidishia, nuru yenyewe hukibadilisha kioo inamopita, nacho kikaivuruga. Ni kama kumpigia kelele mtu mwenye masikio mazito: ukipaza mno, hata aliyokuwa akiyasikia yanampotea.

Dawa yake ni programu. Huichukua nuru iliyovurugika ikairudisha nyuma kwa hesabu, kilomita kwa kilomita, mpaka ilikotoka, ikiondoa uharibifu wa kila hatua. Ili iweze, lazima ijue nuru ilikuwa na nguvu kiasi gani kila mahali ilipopita. Kwa hiyo mimi, nimekaa zangu kitini Mapinga, naweza kuona yaliyotokea njiani. Sikuwahi kuliogopa jambo hilo, mpaka Alhamisi moja.

Siku hiyo, baada ya alasiri, mchoro wa programu ulionyesha nguvu ya nuru imeporomoka mahali pamoja, karibu na Mlingotini. Baada ya nusu saa hivi, ikarudi yenyewe. Alhamisi iliyofuata, vilevile. Ya tatu, vilevile. Mkongo haujui Alhamisi ni siku gani. Nikapatafuta mahali pale kwenye ramani. Palikuwa kando ya makaburi alikozikwa baba yangu.

Ya nne nilikwenda. Nilimkuta mama ameketi nje ya ukuta wa makaburi, juu ya mfuniko wa chemba ya mkongo, akimsomea baba Yasini. Kwetu wanawake hawaingii makaburini, na hapakuwa na mahali pa karibu zaidi ya pale. Mfuniko ulikuwa umepasuka. Kila alipokaa ulishuka, ukaubana mkongo uliozungushwa ndani. Nuru iliyokuwa ikivuja ilikuwa uzito wa mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotea njia?"

Ilinipasa kuripoti mfuniko ule siku ileile. Sikuripoti. Niliifundisha programu iutarajie upungufu ule kila Alhamisi alasiri na kuufidia. Mkuu wangu akanisifu, nami nikazipokea sifa bila haya. Ukweli ni kwamba nilitaka kuendelea kumwona. Kwenye simu mama hakuwa na jibu lingine ila "mimi mzima", hata presha ikiwa imempanda. Nuru haikujua kuficha. Kila Alhamisi nilitazama mstari wa mchoro ukishuka, nikasema moyoni, haya, amefika, nikarudi kwenye chai yangu. Safari za Mlingotini zikapungua, kisha zikakoma, na wala si mbali.

Mara nyingine, nikiwa peke yangu na mitambo ikivuma, nilihisi mtu ameketi nyuma yangu akisoma kwa sauti ya chini. Sikugeuka. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naona aibu kuogopa.

"Njoo unione," aliniambia kwenye simu. "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Nikacheka. "Mbona nakuona kila wiki, mama?"

"Unanionaje?"

Nikamwambia tu kwamba namwona, asiwe na wasiwasi.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo mkuu wangu aliniita kwa ukali. "Mbona makosa yamejaa kwenye laini? Hiyo programu yako ina nini?"

Nilitazama mchoro. Pale Mlingotini mstari ulikuwa umenyooka, hakuna uzito wowote. Programu ilikuwa inamfidia mtu ambaye hakuwapo, na kwa kumfidia ikaivuruga nuru iliyofika salama. Nilimpigia mama. Simu iliita mpaka ikakatika. Niliondoka bila kuaga mtu.

Nilipofika, kandambili zilikuwa nyingi mlangoni. Jirani yake, ambaye ndiye aliyemshika mkono mpaka mwisho, alinikumbatia, akalia, nami nikalia.

"Presha ilimpanda tangu jana," alisema. "Tulitaka tukupigie, akatukatalia katakata. Alisema, msimsumbue, mwanangu ananiona."