Watoto wa Nekesa Hawahesabiwi

Siku yangu ya kwanza katika Ofisi ya Ustawi ya mji wa Kitale, Afisa Ustawi alinikaribisha kwa chai. Mzungu kumpa karani Mwafrika chai, miaka ile ya hamsini, halikuwa jambo la kawaida. Niliinywa huku nikijiuliza anataka nini kwangu.

Kazi yetu, alisema, ni kuzitetea familia za mtaa wa Matisi mbele ya kamati ya mji, watoto wapate nafasi shuleni. Mtoto ambaye mzazi wake hakuwa mkazi wa mji alirudishwa rizavu, yaani huko mashambani tulikotengewa sisi Waafrika. Kwa hiyo tulizunguka nyumba kwa nyumba, afisa akiuliza nami nikitafsiri. Watu walituona kama askari wa kodi waliojifunza kutabasamu, na sikuwalaumu.

Tukafika kwa Nekesa, mjane aliyetoka Malakisi, kule Bungoma, aliyeuza mboga sokoni. Binti yake Nafula alikuwa akiongoza darasani.

"Uliza yeye iko na watoto ngapi," afisa akaniambia.

Nekesa alinitazama mimi, si yeye. "Ati watoto? Mimi sina. Hawa ni wageni tu."

Kwetu Bungoma watoto hawahesabiwi. Kutaja idadi yao ni kukiita kifo. Nikamweleza bosi. Akatikisa kichwa.

"Yeye nasema Nafula hapana mtoto yake. Basi, rudisha Malakisi."

Hapo nikaingiwa na shaka. Mtu huyu alifanya kazi Bungoma miaka mingi. Desturi hiyo angekosaje kuijua? Tena kamati ilikuwa imekataa kujenga darasa jipya, na kila mtoto aliyeondoka aliwapunguzia kelele za wazazi waliodai nafasi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamgeukia Nekesa. "Mama, usipowahesabu leo, Nafula hatasoma."

Akasema, macho chini, "Ni wanne. Nafula ndiye wa kwanza. Sasa umefurahi?"

Nafula alibaki shuleni. Mvua zilipoanza, surua ilipita Matisi ikamchukua kitindamimba wa Nekesa. Tangu hapo mama huyo akiniona alivuka barabara. Iliniuma, na bado inaniuma.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, chini ya maafisa wengine, hata Waafrika wenzangu, na chai ya kila mmoja niliinusa kwanza. Nafula akawa mwalimu.

Mimi ni Mkristo. Najua kilichoua ni surua, si hesabu. Lakini tangu nistaafu, mgeni akiniuliza nina wajukuu wangapi, humwambia wapo, kisha namuuliza ametumwa na nani.