Chupa ya Pili

Moshi wa injini ya boti una utamu wa kuudhi, kama sukari iliyosahauliwa jikoni ikaungulia sufuriani. Ni wa buluu, mzito, na haupandi juu kama moshi wenye adabu. Unatambaa juu ya mchanga, unaingia kwenye nguo, unalala kwenye nywele. Mimi nimekulia ndani yake, Muhuru Bay, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Baba yangu alikuwa fundi wa zile injini zinazotundikwa nyuma ya mashua, na banda lake la mabati lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye nyavu ambazo Mama alianikia omena, dagaa wa ziwani. Injini hizo ni za mipigo miwili. Ufuoni tuliziita tustroki. Hazina oili tumboni kama injini ya gari. Oili yake unaichanganya na petroli kabisa, injini inaila na kuulainisha mwili wake papo hapo, halafu inaitoa nje ikiwa moshi. Kuchanganya ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa na chupa ya soda niliyopewa kwa kazi hiyo tu: dumu moja la petroli, chupa moja ya oili. Kila nilipomaliza Baba aliuliza bila hata kuinua kichwa, "Nyara, umepima?" Nyara ni binti yangu, kwa Kijaluo. Nami nilijibu, "Nimepima." Akivuta kamba ya kuwasha, alikuwa ameniamini. Hakuwahi kuja kuchungulia dumu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hakuwahi kuchungulia.

Tabo, yaani turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, ilitoka Masara, kule wanakochimba dhahabu. Kulikuwa na pikapu ya kubebea mawe iliyokufia huko, na Baba alipomtengenezea mwenye pikapu mashine ya kusagia mawe alirudi nyumbani na kile kitu kwenye gunia. Konokono la chuma, zito, lenye gurudumu dogo kila upande. Alilipulizia mdomo na gurudumu likazunguka kimya kimya. "Moshi wa injini unasukuma gurudumu hili," akaniambia, "na hili la pili linasukumia injini hewa. Injini inajilisha kwa pumzi yake yenyewe." Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeokoka juzi. Wazo lake halikuwa la kijinga, msimcheke. Siku zile lori la barafu lilikuja ufuoni mara moja kwa siku, na mashua iliyochelewa ilifika na samaki wa mbuta waliolegea kwa jua, wakakataliwa. Mzee Ochola alikuwa na mashua tano zenye injini ndogo, kuukuu, na zote zilichelewa. Baba akamwahidi kwamba kwa tabo ile injini kuukuu ingekimbia kama kubwa. Mzee Ochola akasema mbele ya watu, "Fundi, ikikimbia, injini zangu zote ni zako kutengeneza. Isipokimbia, nazipeleka kwa yule kijana wa Homa Bay mwenye vyombo vya kisasa." Maana yake ilikuwa wazi hata kwangu mtoto. Injini za Ochola zikiondoka, banda letu lingebaki la kufugia kuku.

Basi wiki zile zote Baba alipigana na chuma. Shida ya kwanza ilikuwa kabureta: hewa ya tabo ilipoingia kwa nguvu iliizuia petroli isipande, na injini ikazima kila ilipotaka kukimbia. Akapeleka kibomba cha mpira kutoka kwenye hewa ile ile mpaka juu ya kikombe cha kabureta, ili petroli nayo isukumwe kutoka juu. Ikakubali. Shida ya pili, ekzosi ya boti inashuka chini na kutokea majini, na tabo haitaki maji. Akaikata, akaichomelea iangalie juu kama bomba la trekta. Shida ya tatu, kwenye gari tabo inaletewa oili kutoka tumboni mwa injini, na tustroki, nimeshawaambia, haina tumbo la oili. Akatundika kopo juu, akaunga kibomba cha breki, oili ikawa inadondoka tone kwa tone kama dripu ya mgonjwa. Watu walipita wakicheka. "Fundi, huyo mgonjwa atapona lini?" Baba alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa kucheka pamoja na wanaomcheka, tabia ambayo mimi sikuirithi hata kidogo.

Shida ya nne ndiyo iliyomnyima usingizi. Kwenye tustroki, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea hufunguka kwa pamoja. Alinieleza akiwa amesimama ndani ya nyumba yetu, mlango wa mbele wazi na wa nyuma wazi. "Unaona huu upepo? Unaingia huku, unatokea kule, haukai. Nikisukuma hewa zaidi na petroli yake, inapita tu, inaenda kuungua nje." Dawa yake ilikuwa kufinya ekzosi baada ya tabo, moshi ukwame kidogo, hewa mpya ikose pa kukimbilia. Lakini kufinya moshi ni kufinya joto ndani, na joto ni adui wa pistoni. Ndiyo maana, tangu siku alipoweka ule mfinyo, alibadilisha kipimo changu. Alinishika bega kabisa. "Nyara, sikia. Kuanzia leo si chupa moja. Ni mbili. Ya kwanza ni ya injini, ya pili ni ya hili joto. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Sasa ongezeni oili maradufu, muone moshi wake. Ulitoka kama blanketi. Ulitambaa kutoka bandani mpaka kwenye nyavu za Mama na kukaa juu ya omena, ambao wakiwa bado wabichi hunywa harufu yoyote inayopita. Mwanamke aliyekuwa akinunua omena wa Mama kupeleka Kisumu alichukua ukonzi mmoja, akanusa, akaurudisha, akamwita Mama kwa jina langu. "Min Achieng', hii samaki inanuka petrol station. Nani atakula?" Akaenda kununua kwa jirani, huku Mama akimtazama. Mama hakuwa mtu wa makelele, lakini siku hiyo alizungumza na ukuta wa banda, kwa sauti ya kutosha Baba asikie ndani. "Wanasema ni tabo, tabo. Hiyo si tabo, ni taabu. Mtu akinipunguzia hiyo moshi, walahi, nitamwombea kwa Mungu kila Jumapili." Baba akajibu kutoka ndani, "Vumilia, mama. Jumamosi tunaijaribu, yaishe." Mama akatema mate mchangani. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, dumu mkononi. Nilikuwa na miaka kumi, nampenda mama yangu, na nilijua kitu kimoja ambacho watu wazima hawa wawili walionekana kukisahau: moshi ule ulitoka kwenye chupa yangu.

Jumamosi asubuhi ufuo ulijaa kama siku ya mazishi ya mtu mkubwa. Mama alikuwa ameanika omena wapya, weupe, wanang'aa kama sindano. Nikachukua dumu nyuma ya banda. Nikamimina chupa ya kwanza. Chupa ya pili nikaishika, nikaitazama, nikatazama nyavu. Nilijiambia injini hizi zimekula chupa moja miaka yote na hazijafa, sasa kwa nini zijifanye wageni wa heshima? Nikaifunika ile chupa, nikaisukuma ndani ya gunia tupu la omena. Baba akatoka anafuta mikono. "Nyara, umepima?" Nikasema, "Nimepima." Neno moja. Akalibeba dumu mwenyewe hadi kwenye mashua, na Mzee Ochola akapanda naye.

Na ilikimbia! Nataka hilo liandikwe mahali, kwa sababu ufuoni walisahau upesi. Mwanzoni ilijikokota, tabo bado imelala, na vijana wakaanza kupiga miluzi. Halafu, walipopita mawe ya nje, sauti ikabadilika. Chini ya ngurumo kukaja mluzi mwembamba unaopanda, unaopanda, na pua ya mashua ikainuka kutoka majini kama ng'ombe anayetaka kuruka ua. Vijana wakaacha miluzi. Mzee mmoja karibu yangu akashangaa polepole, "Yawa." Moshi ulikuwa mdogo, mwembamba, haukufika popote karibu na nyavu. Nilimtazama Mama, alikuwa ameweka mkono kifuani na anatabasamu, na mimi nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote pale. Nadhani nilikuwa na furaha ile kwa muda wa kuhesabu mpaka mia. Kisha mluzi ukakatika katikati, injini ikapiga kelele moja kavu kama jiwe kwenye bati, na ziwa likawa kimya. Imenoki, kama mafundi wanavyosema injini ikikwama. Mashua ilirudishwa ufuoni ikivutwa kwa kamba na mashua nyingine, tena ya makasia.

Baba aliifungua mchana ule ule, peke yake bandani, mimi nikiwa namshikia spana. Aliitoa pistoni kwa nyundo ya mbao, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza. Akaigeuza tena. Nje Mzee Ochola na watu wake walikuwa wakingoja jibu. Baba akaniuliza bila kunitazama, "Nyara, ulipima?" Nikasema nilipima. Akaifuta tena pistoni. Kisha akanitazama, jambo ambalo hakuwahi kufanya alipouliza swali lile. "Chupa mbili?" Nikasema, "Mbili." Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa saa. Akaitia ile pistoni mfukoni, akatoka nje, akawaambia, "Tabo imenishinda. Tustroki haitaki tabo. Ni kosa langu, nilikaza joto kupita kiasi." Kicheko kilianzia kwa vijana kikapanda hadi kwa wazee. Tangu siku hiyo hakuitwa fundi tena, akawa Jatabo, mtu wa tabo. Jatabo, mgonjwa amefariki? Jatabo, tuwekee tabo kwenye makasia! Injini tano za Ochola zikaenda Homa Bay. Jioni moja nilirudi kwenye gunia nikaimwaga ile oili mchangani. Ilizama polepole, ikaacha doa jeusi ambalo nililiruka kila nilipopita pale, hadi mvua ilipoliondoa.

Baba alienda Masara, akaajiriwa kuangalia mashine ya kusaga mawe, injini inayozunguka mwendo mmoja kutoka asubuhi hadi jioni, isiyotaka wazo lolote kutoka kwa mtu. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na vumbi kwenye kope na kikohozi. Hakushika injini ya boti tena. Mama alibakia na ile pistoni, akaitumia kukandamizia nyavu upepo usizipeperushe. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa nimepanga kumwambia. Kila likizo nilipanga. Nilimaliza sekondari nikijipa moyo kwa maneno yake mwenyewe: lilikuwa joto, ilikuwa milango miwili, tabo haikuwa ya tustroki, hata chupa tatu zisingetosha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mwalimu.

Sasa naishi Homa Bay mjini na binti yangu Awino, na ninafanya kazi ya usafi kwenye shule moja. Mwaka jana mashine ya kukata nyasi ilinoki mikononi mwangu, nikaipeleka kwa fundi, kijana tu, sharubu zake nyepesi kama vumbi. Akatoa pistoni yake, akaitazama kwa muda wa kufumba na kufumbua jicho. "Auntie, nani alichanganya hii mafuta? Hii imenyimwa oili." Nikamuuliza amejuaje. Akanicheka. "Si unaona ubavu umekwaruzwa hivi, kama umepitishwa msasa? Ingekuwa ni joto la moto, ingetoboka juu, kwa kichwa. Kichwa iko sawa. Hiyo hata mtoto wa garage anajua." Nilikaa kwenye tairi lake. Ile pistoni ya Baba niliiona kila siku kwa miaka juu ya nyavu za Mama. Kichwa kizima, laini, cheusi. Ubavu wote mikwaruzo.

Kwa hiyo alijua. Alijua kabla hajauliza. Aliniuliza mara mbili ili kunifungulia mlango, nami nikaufunga mara mbili, kisha akatoka akalibeba jina la Jatabo mbele ya ufuo mzima ili lisiniangukie mimi. Na nina hasira naye! Angenichapa. Angeniburuta kwa sikio mbele ya Mzee Ochola, nilie, yaishe, injini itengenezwe, ijaribiwe tena na chupa mbili. Badala yake alinipa zawadi ambayo sikuomba na sasa sina wa kumrudishia. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakusubiri kizazi cha pili. Nilipoenda kuwasalimu nyumbani nilimuuliza Mama kama naye alijua. Akaendelea kugeuza omena. "Gunia langu lilinuka oili, Achieng'," akasema. "Nilidhani utamwambia mwenyewe."

Ufuoni Muhuru siku hizi injini nyingi ni za mipigo minne. Zina oili yake tumboni, hazitoi moshi wa maana, na mashua zinafika kwenye lori la barafu zikiwa zimenyamaza kama zina siri. Omena hawanuki. Hakuna mtoto anayepewa chupa, wala anayeulizwa kama amepima. Yote aliyoyataka Mama yamekuja, na yote aliyoyatafuta Baba yamekuja kwa njia nyingine, yakiwa yamefungashwa kwenye boksi. Mimi nimeichukua ile pistoni, inashikilia mlango wangu usijifunge. Wiki iliyopita Awino, miaka saba, alivunja kioo cha simu yangu na kuirudisha chini ya mto. Nilimuuliza, akasema si yeye. Nilimuuliza tena, akasema si yeye. Damu ilinipanda, mkono ukawa juu tayari. Nikaushusha, nikakaa sakafuni karibu na mlango, nikamuuliza mara ya tatu. Akatazama kile chuma, akatazama miguu yake. "Ni mimi, mama." Chai niliyokuwa nimeinjika ilikuwa haijachemka bado, na yeye alikuwa ameshasema. Watu wananiuliza kama nilimchapa. Hapana. Nilimwonea wivu.