Mkutubi Mkekani

Nilikuwa nafagia maktaba ya chuo cha ualimu hapa Tabora, enzi za Ujamaa. Majina ya wanachuo wote ninayo kichwani, lakini siyaandiki. Wengine sasa ni mababu za watu.

Mkutubi wetu alikuwa Mzaramo. Akikaa mezani kwake, wanachuo hawamsogelei. Ukimuuliza kitabu pale alijibu kwa sauti, chumba kizima kikajua hujui. Kwa hiyo walimngoja nje, anapokunywa kahawa kibarazani. Huko alikuwa mtani wetu Wanyamwezi. "Enyi wapagazi, leo mmebeba pembe za nani?" Nao: "Za kwako, mla nazi." Katikati ya kicheko mtu anachomeka swali lake, anajibiwa taratibu.

Mdogo wangu wa kiume, naye mwanachuo pale, hakuuliza mezani wala kibarazani. Kutaniana hakujui, aibu tele. Mtihani wa saikolojia alikuwa ameshaanguka mara moja. Akianguka tena anarudi Urambo kwenye tumbaku, na baba alikwisha kufa akimtaja yeye kuwa tegemeo letu. Kitabu alichohitaji alikuwa hajakishika, na mtihani ni Jumatatu.

Ijumaa mama yake mkutubi, aliyeishi naye hapa Tabora, akafariki. Maktaba ikafungwa, ufunguo mfukoni mwa mfiwa.

Mdogo wangu hakula. Aliniambia, "Dada, mimi basi tena," akajilaza akaangalia ukuta. Nilivyomwona vile moyo ulinikatika.

Nikaenda msibani. Jeneza lilipotolewa nikalala kizingitini. Mtani ana ruhusa hiyo, naye mfiwa haruhusiwi kukasirika.

"Hatoki mtu hapa," nikasema.

Watu wakacheka. Mkutubi, macho mekundu, akainama. "Mpagazi wewe, unataka nini? Kanga za marehemu?"

"Ufunguo wa maktaba."

Kicheko kikakatika. Nilidhani atanikanyaga. Akautoa akautupa kifuani kwangu. "Shika. Niachie mama yangu apite."

Tukafungua, mimi na mdogo wangu. Basi ikawa balaa nyingine. Vitabu ukuta hadi ukuta. Mimi nimezoea kuvifuta vumbi tu, na yeye anavuta hiki, anarudisha, anavuta kile. Mwisho akaketi sakafuni akalia, kijana mzima.

Nikamwambia, "Inuka. Nenda kamuulize mwenyewe."

"Msibani?"

"Msibani. Mezani hayupo tena."

Maziko yalikwisha. Mkutubi alikuwa kwenye mkeka, peke yake kidogo. Mdogo wangu akaketi pembeni yake, akatoa pole, akawa anachomoa nyuzi za mkeka mpaka mimi niliyekuwa kwenye masufuria nikataka kupiga kelele. Kisha nikaona midomo yake ikisogea.

Mkutubi hakunyanyua kichwa. "Kabati la dirishani, safu ya chini, jalada la kijani. Anza na sura ya kumbukumbu, ndiyo watahini wanayoipenda." Akamtazama. "Mwaka mzima nimekaa pale. Umesubiri mama afe ndipo uje?"

"Pale watu wananisikia."

Mkutubi akafuta uso kwa kanzu. "Na wenzako waambie waje. Hapa sauti yenyewe sina."

Jioni ile walikuja mmoja mmoja, pole kwanza, swali baadaye.

Matokeo yalipobandikwa sikuweza kusoma haraka. Nilishika ubao kwa kidole nikashuka nacho. Jina la mdogo wangu lilikuwa la mwisho kabisa katika waliopita. Nilikaa chini palepale.