Waya wa Kwenda Kwa Nusaiba

Himid alikuwa bingwa wa kugawa. Akinunua doti ya khanga, hununua mbili. Akileta pweza, humkata barazani watu wakiona, minyiri minne kwa mke mkubwa, minne kwa mdogo, kichwa akala mwenyewe ili pasiwe na maneno. Nyumba zake mbili pale Wawi zilipeana migongo, ukuta wa mawe ukitenga nyua, na mlango mdogo wa mbao wa kupitia. Lakini mashine ya intaneti, ile wanayoiita ruta, haikatwi kwa kisu. Kaka yake Nusaiba, mke mdogo, alipomletea dada yake runinga pana kutoka Muscat, ile isiyoonyesha kitu cha maana bila intaneti, Himid alikaa akapima. Runinga iko kwa mdogo, basi ruta ikae kwa mkubwa. Akadhani ametenda haki.

Talib, fundi kutoka Chake, alijaribu kwanza bila waya. Kuta za mawe zikagoma. Picha ikawa inaganda kila mara, waigizaji wamebaki midomo wazi. Ndipo akatandaza waya wa buluu. Ulianzia nyuma ya ruta, ukatokea dirishani kwa Bi Time, yule mke mkubwa, ukapanda ukuta, ukaingia kwa Nusaiba hadi kwenye tundu la runinga. Picha ikatulia kama maji ya mtungini. Kabla hajaondoka, Talib akamwonyesha Bi Time kijitaa cha kijani pale waya ulipochomekwa.

"Kikimetameta hiki, Bi Time, ujue kule runinga yavuta. Kikizima, ama imezimwa ama waya umetoka."

Alisema kwa wema wake tu. Angeujua moyo wa mke mwenza, angekibandika karatasi kile kijitaa akenda zake.

Bi Time hakuwa mtu mbaya, na majirani wote watakwambia hivyo. Alizaliwa Ole, akasuka mikeka tangu utotoni, na ukili wake unatafutwa mpaka Wete. Pakitokea msiba Wawi, yeye ndiye wa kwanza kufika jikoni. Alimzaa Shamima, ambaye sasa ameolewa Unguja, na baada ya Shamima kizazi kikafunga. Akanywa kombe la aya alizoandikiwa na mwalimu, akaenda hospitali, mwisho akanyamaza. Himid alipomwambia anaoa, alisema "kheri", kisha akawapikia wageni biriani ya harusi kwa mikono yake mwenyewe. Biriani ilisifiwa sana. Yeye hakuionja.

Kisha Nusaiba akapata mimba, na akawa anacheka. Hicho ndicho kilichomshinda Bi Time. Mimba angeimeza, kicheko kilimkwama kooni. Yule binti akifungua tamthilia zake za Kituruki hucheka peke yake, na kicheko huvuka ukuta kikamfuata Bi Time kwenye ukili wake. Siku moja mkono ulikwenda wenyewe, akauchomoa waya. Kijitaa kikafa, kicheko kikafa, na hata mate hajameza, sauti ikaja kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Dada, ntandao umekata?"

"Sijui miye," akajibu Bi Time. "Labda mvua."

Hapakuwa na mvua. Baadaye akauchomeka tena, ameona raha ya ajabu, raha ya mtu anayejikuna kidonda. Tangu hapo hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao. Salamu za moyoni zilikwisha zamani. Lililobaki ni waya. Bi Time huchomoa, Nusaiba huuliza, na jibu huwa sijui. Siku zote yule binti aliuliza kwa adabu, bila kununa.

Siku yenyewe ilikuwa ya msimu wa karafuu. Wawi nzima ilikuwa mashambani. Himid aliondoka asubuhi kwenda Ole kusimamia wachumaji wake, akachukua na simu ya Nusaiba iliyopasuka kioo aipitishe kwa fundi. Bi Time alibaki kulinda karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi. Zamu ilikuwa yake: jioni Himid angerudi kwake. Mawingu yalikuwa yamekaa kusini tangu asubuhi, mazito, hayaji wala hayaondoki, na mtaa ulikuwa kimya hata ukasikia jani likianguka.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Pamoja na tamthilia zake zote, Nusaiba alikuwa na tabia moja ambayo hata Bi Time hakuweza kuitia dosari. Muadhini akitoa takbiri ya kwanza, runinga huzimwa, na kijitaa hufa pale pale. Leo Bi Time aliitazama ruta. Kijitaa kilikuwa kikimetameta. Adhana ikaendelea, ikaisha, na kijitaa bado kilikuwa kikimetameta.

Mwingine angejiuliza kuna nini, akaenda kubisha hodi. Akili ya Bi Time ilikwenda ilikozoea kwenda. Himid karudi! Kapita njia ya nyuma, kaingia kwa mdogo, na siku ni ya zamu yangu. Nani wa kumsahaulisha mwanamke adhana kama si mume? Wivu hausubiri shahidi.

Hakuuchomoa waya. Akichomoa atawashtua, na yeye alitaka kumwona Himid akitoka, amwone kwa macho yake mawili. Akaufungua ule mlango mdogo wa mbao, akaketi uani na ukili wake, uso umeelekea mlango wa nyuma wa Nusaiba. Akawa anainuka kugeuza karafuu, anarudi, anaketi. Kila akiingia ndani kutazama, kijitaa kinampigia ukope. Sauti ya runinga ilisikika kwa mbali, lakini kicheko hakikuwapo, na hilo lilimtia ubaridi kidogo ambao hakutaka kuufuata. Mara akasikia kitu kikiburutwa sakafuni, kisha kimya. Akauma meno, akadhani anayoyadhani. Mlango haukufunguka.

Mawingu yakaja sasa, yakalifunika jua. Ikaadhiniwa alasiri. Kijitaa kilikuwa kikimetameta. Ya kwanza aliivumilia, ya pili ikamshinda. Matone yalikuwa yameanza kupiga bati alipouvuta ule waya kwa hasira hata ruta ikasogea mezani. Akasimama dirishani akiingoja sauti ya ukutani. Jibu la leo alikuwa nalo tayari, na lilikuwa kali.

Sauti haikuja.

Akauchomeka waya. Kijitaa kikawaka, kikaanza kumetameta. Akauchomoa tena, akatega sikio. Mvua tu. Hapo miguu yake ikajua kabla ya kichwa. "Nusaiba!" akaita, na jina lilimtoka kwa shida, maana hakuwa amelitamka tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Hakuitikiwa. Akakimbia.

Nusaiba alikuwa sakafuni, kati ya kochi na runinga, mimba yake ya miezi minane imemlalia ubavu mmoja. Khanga ilikuwa imelowa damu, na damu ilikuwa imechora njia kutoka chumbani mpaka pale alipojiburuta. Hapakuwa na Himid wala dalili ya Himid. Kwenye kioo cha runinga duara dogo jeupe lilikuwa likizunguka, linatafuta mtandao. Bi Time akapiga magoti, akamwinua kichwa. Uso ulikuwa wa kijivu, lakini midomo ilisogea.

"Nshakuita, sauti haitoki," Nusaiba akasema. "Runinga nkaiacha makusudi, hata kwenye adhana. Nlijua utachomoa. Nkasema, akichomoa nisipomuuliza, atakuja." Akavuta pumzi. "Leo umekawia, Dada."

Kumbe alijua. Siku zote alijua, na siku zote aliuliza kwa adabu. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema ukifika utakuta nini. Bi Time alitoka mbio hadi barabarani bila buibui, mvua inamchapa, akapiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga hata kwenye kifo cha mamake. Haroub, aliyekuwa akipita na gari ya karafuu, akasimama. Wakambeba. Nyuma yao majamvi yalikuwa yanaelea, jasho la msimu mzima linachukuliwa na maji.

Nusaiba alipona. Mtoto, wa kiume, alizikwa Wawi siku ya pili yake. Daktari alisema neno moja tu, na alilisema polepole: angefikishwa adhuhuri, mtoto angetolewa hai.

Hospitalini chumba kilijaa. Himid alilia mbele za watu, hakuona haya. "Kama si Bi Time," alisema, "leo ningezika wawili." Habari ilikuwa imekwishaenea kwamba aliziacha karafuu zote zikalowa asiyatazame hata majamvi. Wanawake wakamsifu, wakasema ukewenza wa namna hii umekwisha duniani. Mwanawema, mama yake Nusaiba, akaishika mikono yake miwili akaibusu.

"Mungu akulipe, mwanangu. Lakini ulijuaje? Nyumba imefungwa, ntu hana simu, sauti hana. Ulijuaje?"

Bi Time akafungua mdomo. Alitaka kusema, Mungu shahidi, alitaka. Lote lilikuwa limemfika kooni, waya na kijitaa na adhana zote mbili. Nusaiba akamtangulia kutoka kitandani.

"Dada hakukawia, mama. Nlivyoanguka tu, akatokea."

Macho yake hayakuwa kwa mamake. Yalikuwa kwa Bi Time, makavu, hayalaumu wala hayasamehe, na hayakupepesa mpaka Bi Time akainamisha uso. Alitamani atukanwe. Alitamani Himid ampe talaka pale pale.

"Alhamdulillah," akasema Mwanawema, na wanawake wote chumbani wakaitikia. Bi Time naye akaitikia.